Paka wa Mapaa

Suruali ya kazi ya mumewe ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya mshonaji, katikati ya shuka na gauni la maua.

Mama Pacha, kama mtaa ulivyomwita tangu ajifungue wawili kwa mpigo, alisimama nje ya ua na kikapu chake, akaitazama mara ya pili. Kiraka cha goti alikitia yeye mwenyewe, kwa uzi mwekundu. Hakuna suruali nyingine ya namna ile duniani. Na suruali haimtoki mwanamume ikaenda kujianika yenyewe.

Hakupiga hodi. Aliogopa sauti ingetoka pamoja na machozi. Alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akaanza kuunganisha mambo.

Kiwanda kilipofungwa, mumewe hakukaa kulia. Aliona mabati ya mtaa mzima yameota kuvu, gata zimejaa majani yaliyooza, na watu wanakinga maji hayohayo ya mvua wanakunywa. Akauza baiskeli, akanunua ngazi ndefu, brashi, ndoo na kamba, akatangaza kwamba anasafisha mapaa. Majirani wakamcheka kidogo, kisha wakambatiza jina: Paka wa Mapaa.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mshonaji, mjane wa mtaa wa pili, mwembamba, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Siku ile mume alirudi rangi imempotea. Alisema kazi imekwenda vizuri, lakini chakula hakukigusa. Kesho yake akarudi anapiga mluzi.

Mtu asiyekula ana jambo moyoni. Akipiga mluzi kesho yake, basi jambo lake limejibiwa.

Paa la mshonaji lilikuwa dogo, ungelifunika kwa mkeka. Hata hivyo lilipokwisha kung'aa, mguu wa mume haukukatika pale. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa mteja yeyote, alipitia kwanza kwa mshonaji. Eti ngazi analaza huko, uani kuna nafasi. Kana kwamba kwao hakuna ua.

Nguo nazo zilisema. Mama Pacha alikuwa ameweka sabuni ya ziada kwa ajili ya madoa ya kuvu, na sabuni ilikaa palepale. Mume alikuwa akirudi msafi kama bwana harusi, viganja tu ndivyo vilivyochubuka. Sasa ilijulikana nani anamfulia.

Na paa lao wenyewe? Lilikuwa la kijani mpaka aibu. Alipomwomba apande japo siku moja, mume alicheka. "Mganga hajigangi, mama watoto," akasema, akatoka haraka. Kwa mwanamke wa mtaa wa pili mikono ilikuwapo. Kwa mkewe, methali.

Lakini kilichomchoma zaidi ni zile hadithi. Mume akiwa mezani aliwasimulia pacha jinsi dunia inavyoonekana kutoka juu: mto ni utepe uliodondoka, barabara ni pindo lililofumuka, watu ni vifungo vilivyomwagika. Pacha walisikiliza midomo wazi. Mama yao aliweka kijiko chini. Katika miaka yote ya ndoa mwanamume huyu hakuwahi kusema maneno kama hayo. Hayo yalitoka kwenye cherehani, hayakutoka kiwandani.

Asubuhi iliyofuata aliwapeleka pacha kwa dada yake pamoja na mfuko wa nguo. Dada alitaka kujua kuna nini. Akamjibu kwamba atamweleza jioni, na kwamba huenda naye akaja kulala, labda kwa muda mrefu. Kabla ya hapo alitaka jambo moja tu. Alitaka mume na mshonaji wamtazame usoni.

Kwa mshonaji mlango ulikuwa umefungwa, na kamba ya nguo imebaki tupu. Fundi viatu wa kando ya lango alimwambia bila hata kuulizwa kwamba wametoka mapema, Paka na ngazi begani, mama na ndoo, wanaelekea kwenye ghorofa ya daktari.

"Siku hizi wamekuwa chanda na pete, shemeji," akaongeza, akarudi kwenye soli yake akitabasamu.

Mama Pacha alikwenda njia nzima akijifunza maneno ya kusema. Yote yalikuwa makali. Alipofika kwenye lango la daktari, alilisukuma, akazunguka nyumba.

Mume alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, mgongo umegandamana na ukuta. Kamba ilikuwa imemzunguka kiunoni, ikapita viganjani, ikapanda juu. Macho aliyafumba. Jasho lilimtiririka kana kwamba amemwagiwa maji.

"Yuko wapi?" Mama Pacha akauliza, taratibu.

Mume aliitambua sauti, midomo ikamtetemeka. Macho hakuyafumbua.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Kila siku nilitaka. Niliona aibu, mke wangu."

"Nimekuuliza yuko wapi."

Sauti ya brashi iliyokuwa ikisugua mahali fulani ilinyamaza, kisha kichwa cha mshonaji kikachomoza kwenye ukingo wa paa, ghorofa mbili kutoka ardhini, uso mzima umetapakaa kuvu, kisha likafuata goti lenye kiraka cha uzi mwekundu.

"Mama Pacha, ni wewe? Afadhali umefika. Mumeo hata kunitazama huku juu anaogopa; hebu mkumbatie nimalizie hapa. Akitetemeka yeye, kamba inanivuta mimi."