Mpake Huyo Anayelia

Dumu la dawa ya kutoa kutu kwenye mashuka lilipasuka mikononi mwetu, mimi na wifi yangu, kwenye chumba cha kufulia. Mimi ilinipata kidole. Yeye ilimlowesha paja zima. Tulijimwagia maji mpaka tukatetemeka, na paja lile halikuwa hata na malengelenge. Lilikuwa jekundu kidogo tu.

Nesi wa zahanati tuliyokimbilia alikuwa na tyubu moja tu ya jeli ya kalsiamu.

"Asidi ya dawa hii inanyonya kalsiamu mwilini; vinaanza vidole kukakamaa, mwisho moyo unasimama," alisema huku akimsugua wifi pajani. "Nitapaka hadi maumivu yaishe. Sina kipimo kingine. Yakiisha, niambie."

Mimi nilikuwa napiga mayowe. Kidole kilikuwa kinawaka moto chini ya ukucha.

Wifi alinitazama, midomo imemkauka.

"Yangu yameisha, nesi. Mpake huyo anayelia, anatutia aibu."

Nesi alimkazia macho. "Kweli?"

"Kweli tena."

Jeli yote iliyobaki ikaishia kwenye kidole changu. Taratibu ule moto ukapoa. Nikageuka huku nacheka kwa haya, nikijua wifi atanitania kwa mayowe yale mpaka tuzeeke.

Alikuwa anautazama mkono wake. Vidole vilikuwa vinajikunja vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Akajaribu kuvinyoosha kwa mkono wa pili, na huo nao ukaanza kujikunja.