Kama Kwenye Picha

Fundi aligonga mara tatu, akarudi nyuma hatua nne, akatazama picha iliyobandikwa ukutani, akatazama gari, kisha akajitukana.

"Punda wewe," alijiambia. "Punda mwenye nyundo."

Lilikuwa gari la mashindano ya nyikani, pikapu pana lenye magurudumu yanayomfika kifuani. Picha ilikuwa ya gari hilohilo likivuka mstari wa kumalizia, vumbi limetanda, watu wamenyanyua mikono. Boneti, bampa, madigadi na taa, vyote vilipaswa kufanana na picha ile kabla ya saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa tatu na robo.

Mwenye gari, dereva waliyemwita Mama Vumbi, alikuwa na magari mengine matano ya aina hiyo. Akiridhika, yote yangekuja kwenye karakana hii. Asiporidhika, fundi angeendelea kunyoosha milango ya teksi hadi azeeke, na teksi zenyewe zilikwisha kuanza kumkimbia.

Wa kumtupia lawama hakuwapo. Mama Vumbi alimwachia karatasi yenye maelezo ya kazi, mistari sita. Fundi alisoma mitatu, akasema, "Tumeelewana," akaweka kikombe cha chai juu yake. Miaka ishirini na sita ya kunyoosha bodi, karatasi ingemfundisha nini? Juzi mkewe aliinua kikombe apate kufuta meza, akasoma yote kwa sauti hadi mstari wa sita: Mbele iwe kama kwenye picha, isizidi, isipungue.

Fundi alikaa juu ya tairi, akaomba maji ya kunywa.

Tangu hapo alikuwa akirudia kazi ambayo alikwisha kuimaliza na kujisifia. Alijisifia kwa jirani muuza vipuri, akajisifia kwa shemeji yake kwa simu, na kwa kuwa mdomo haulipi kodi, akajisifia hata kwa mama mkwe. Mama mkwe aliguna tu. Yeye alikuwa bado anaikumbuka sufuria yake. Fundi alikwenda kusalimia, akaona sufuria imebonyea kidogo, mkono ukamwasha, akaigonga mpaka ikatoboka. Hakuna aliyemwomba.

"Madigadi ya kushoto bado," mkewe alisema. Alikuwa amesimama chini ya picha, mikono kiunoni, kama msimamizi wa mtihani.

"Naiona."

"Unaiona, unaikwepa."

"Mama watoto, bati hili lina kiburi."

"Kiburi ni chako. Bati halikusoma mistari mitatu likasema tumeelewana."

Fundi alicheka bila kutaka. Aliegemeza kipande cha mbao nyuma ya bati, akapiga, akapima kwa kiganja, akapiga tena. Halafu alichukua msasa na kuinamia bampa. Kila alipoupitisha, roho ilimuuma, maana rangi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani mwake. Ndivyo yalivyo malipo ya wajuaji, aliwaza, na wewe ndiye mwenyekiti wao.

Ikabaki taa ya kulia. Ile ya zamani aliitupa siku ya kwanza kabisa, na mnunuzi wa vyuma chakavu akaondoka nayo. Jana fundi alizunguka maduka manne kuitafuta hii mpya. Aliifunga mahali pake, akakaza skrubu nne, akaifuta kwa kitambaa mpaka akaona uso wake mwenyewe ndani yake. Uso haukumpendeza.

"Saa nne kasoro dakika tano," mkewe alisema. "Acha kuibembeleza."

"Nikiikosea hii, sina nyingine."

"Basi usiikosee."

Honi ililia getini. Mkewe akavuta ndoo iliyokuwa chini ya benchi, imefunikwa gunia. Fundi akaitazama picha mara ya mwisho, akanyanyua nyundo na kuipasua taa kwa pigo moja. Kabla vioo havijatulia, mkewe alikwisha kuirushia boneti viganja viwili vya vumbi kutoka kwenye ndoo.

Mama Vumbi aliingia, akaenda moja kwa moja mbele ya gari. Hakusalimia. Aliitazama boneti iliyokunjamana, bampa iliyochubuka, madigadi iliyobonyea, tundu la taa.

Mama Vumbi akaingiza kiganja kwenye bonde kubwa la kushoto, akakiacha humo.

"Hapa niligonga jiwe nikiwa wa saba," alisema polepole, "na nikamaliza wa kwanza. Kesho gari linaingia ukumbi wa chama chetu na makovu yake yote. Mafundi watatu nimewafukuza, Fundi. Nilitaka watengeneze rejeta na usukani tu, lakini hakuna aliyeweza kuona bonde akaliacha."

Akageuka, macho yamelowa.

"Yale matano mengine nakuletea wewe. Angalau wewe unajua kutogusa."

Mkewe alikohoa, akasogeza mguu taratibu, akakanyaga kipande cha kioo kilichokuwa bado kinang'aa sakafuni.