Mtu wa Bega

Jumatatu, 9 Juni 2064. Asubuhi hii Iringa ina ukungu na manyunyu.

Utafiti wangu wa miaka kumi na minane ulionyesha kwamba bega lililopasuliwa hupona vizuri likinyooshwa na mtu wa nyumbani, asubuhi na jioni. Ikawa sheria: asiye na mtu wa bega, wa kuahidi hivyo mbele ya mashahidi wawili, hapasuliwi. Leo mgonjwa ni mimi. Msuli wa bega la kulia umechanika, na usipotengenezwa sitampasua mtu tena.

"Mtu wako wa bega ni nani, Daktari?" aliuliza Sista Veneranda.

"Andika Mungu."

"Mungu hana namba ya kitambulisho." Alicheka, kisha akaona sicheki. "Hata jirani, mama?"

Sikujua jina la jirani hata mmoja. Nikawakumbuka wote niliowarudisha nyumbani kwa kukosa mtu wa bega, nikaomba msamaha moyoni.

"Sheria haikusema lazima awe mtu mwingine," nikasema.

Aliniangalia, kisha akamwita muuguzi mwenzake awe shahidi wa pili. Nikainua mkono wa kushoto.

"Mimi, Oresta Kihwele, naahidi kumnyoosha Oresta Kihwele bega asubuhi na jioni, wala sitamwacha peke yake."