Bac ya Mama Kasika

Nzanzu alikuwa amepiga magoti kwenye tope la uani, mkono umezama hadi begani ndani ya bac. Kitambaa kilimfunika pua na mdomo, na kofia aliishusha mpaka kwenye nyusi. Uso wake wote ulibaki macho tu, na macho yenyewe hayakumtazama mtu.

Bac ni lile sanduku la saruji nyuma ya jiko, ambamo maji machafu hutulia ili mafuta yaelee juu kabla maji hayajakwenda mtaroni. Mgahawa wa Mama Kasika, pale mtaa wa Vulamba mjini Butembo, ulikuwa na moja, nayo ilikuwa imefurika. Mawese, mafuta ya nguruwe na povu la sabuni vilikuwa vimegandamana vikawa kitu cha kijivu ambacho hata mbwa wa jirani alikikwepa.

"Papa!" Furaha, mpishi, aliita kutoka mlangoni. "Bibi yako anavumiliaka iyi harufu, ao unalalaka inje?"

Wapishi wenzake wakacheka. Mama Kasika alitoka mbio na mwiko mkononi, akamkaripia kwa ukali ambao haukulingana kabisa na utani ule.

"Funga kinywa, Furaha! Uheshimu mukubwa."

Kisha akasimama pale pale, ameukazia macho ukuta. Aliona haya, jamani, haya ya mtu mzima, ile inayochoma masikio.

Na sababu alikuwa nazo. Jumatano Inspecteur wa usafi alikuwa amefunua kifuniko cha bac mbele ya wateja, akasema narudi Ijumaa, nikikuta hivi nafunga. Jumamosi ilikuwa arusi ya Rébecca, binti wa pekee wa Mama Kasika. Wakwe walikuwa wanashuka kutoka Kipese, chakula chao chote kipikwe hapo hapo, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Kumfungia mlango siku kama hiyo ilikuwa ni kumvua nguo mbele ya wakwe.

Tena huyo Inspecteur hakuwa mtu wa kuvutwa pembeni. Siku ile Mama Kasika alimfungia kuku mzima kwenye kapu. Yeye akalirudisha kapu juu ya meza, taratibu, akasema, "Hapana, Mama. Iyi hapana." Jikoni wakambatiza jina: Mutu wa Mawe. Miaka ile ya uasi, jeshi moja likiingia Butembo na jingine likitoka, Kinshasa hakuna aliyekumbuka kwamba huku kuna watu wa mshahara. Walimu waliponda kokoto, wauguzi waliuza makaa. Mtu wa bureau, wa ofisi ya serikali, anayekataa kuku alikuwa kioja.

Alhamisi asubuhi ndipo mtu huyu wa kitambaa alipobisha kwenye mlango wa nyuma.

"Nasikia bac yenu inajaa," alisema.

Mama Kasika hakumuuliza amesikia wapi. Aliangalia viatu vya mgeni huyo, akageuza uso, akamwambia aje kesho.

Sasa, Ijumaa yenyewe, Nzanzu alikuwa anakwangua pembe za saruji kwa kisu, pembe baada ya pembe, ingawa hakuna ambaye angeziona. Furaha alipobeba ndoo ya uchafu kwenda mtaroni, alimzuia.

"Mu mutaro hapana. Mafuta itafunga njia, maji itarudia mu nyumba za batu. Tutaifukia na majivu."

Akachimba shimo mwenyewe chini ya migomba, akafukia, akakanyaga udongo mpaka ukalala. "Na musingoye ijae tena," aliongeza. "Kila juma mutoe ya juu."

"Papa," Mama Kasika aliuambia ukuta, "Inspecteur atakuya leo. Hatatukuta tungali na iyi kazi?"

"Hawezi kuya kama sijamaliza, Mama."

"Ndiyo," alijibu polepole. "Hawezi."

Malipo yalikuwa maharagi na unga wa muhogo ndani ya mfuko. Nzanzu aliuinua, akauona mzito. Alipochungulia akakuta nyama imewekwa juu, na mkono wake ukasita.

"Ni ya kazi," Mama Kasika alisema haraka. "Umeitumikia, Papa. Peleka kwa batoto."

Nzanzu aliufunga mfuko. Halafu akashukuru kwa sauti iliyozamia ndani ya kitambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika njia ya mtoni.

Jua lilikuwa karibu kufika kichwani wakati mlango wa mbele ulipofunguliwa.

"Mutu wa Mawe huyo," Furaha alinong'ona.

Inspecteur alipita katikati ya meza, koti limefungwa vifungo vyote na tai imenyooka, akaenda moja kwa moja uani. Akafunua kifuniko. Akainama. Chini ya maji, saruji ilionekana nyeupe mpaka pembeni.

"Iko propre, iko safi," alisema. "Mupike. Arusi iendelee."

Wapishi walipiga vigelegele. Mama Kasika alijifuta macho kwa kanga yake.

Lilibaki swali moja, ambalo sheria ilitaka liulizwe kila mahali, na Inspecteur hakuwa mtu wa kuruka sheria. Aliliuliza akiwa ameficha mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti.

"Nani alikusafishia, Mama?"

Mama Kasika alitazama chini.

"Mutu moya tu, Inspecteur Nzanzu," akajibu. "Sikumuona sura."