Programu Iliyosema Ndiyo

Tarehe tisa Juni, asubuhi ya manyunyu. Katika hifadhi ya damu ya hospitali, Bibi Kompyuta alikuwa akinywa chai huku programu yake ikimfanyia kazi. Wenzake walimpa jina hilo alipoanza masomo ya jioni ya kompyuta akiwa tayari ana wajukuu.

Mfumo wa zamani ulimuuliza maswali yaleyale kabla ya kutoa kila mfuko wa damu. Akaandika programu ya kuujibu kwa niaba yake. Kila ilipoulizwa, ilisema ndiyo.

Alipoinua macho akaona kwenye skrini swali jipya: "Kundi la damu halilingani na la mgonjwa. Ungependa kuendelea?"

Chini yake jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Mfuko ulishapelekwa wodini. Mezani ilibaki alama ya maji ya baridi, yenye umbo la mfuko.

Alikimbia, kiatu kimoja kikamtoka koridoni. Muuguzi alikuwa ameshautundika mfuko, kidole kikiwa kwenye kibanio cha mrija.

"Dada, usifungue! Si damu yake. Programu imejibu bila kusoma swali."

Muuguzi akasoma lebo, akakishusha kidole taratibu. "Yaani Bibi, umeifundisha kuitikia amina kabla ya kusikia dua?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa mgonjwa alisimama kutoka kitini.

Bibi Kompyuta akamgeukia, mguu mmoja peku. "Mama, mbele yako, mbele ya dada huyu na mbele za Mungu: programu yangu ikiulizwa isilolijua, itanyamaza mpaka nije nisome mwenyewe."