Wati Kumi na Tano

Kila nyumba ilipewa wati elfu mbili tu. Ukizidisha hata moja, mita ya ukutani ilizima kitu, ila kwanza iliomba ruhusa, kwa adabu zake zote.

Mwanakheri alikuwa jikoni akipiga pasi shati la mumewe, na hesabu yake aliijua. Volti mia mbili thelathini mara ampea tatu za pasi, wati mia sita tisini. Mara ampea tano za birika, elfu moja mia moja hamsini. Friji mia moja sitini. Jumla elfu mbili kamili! Akawasha birika.

“Samahani, mama,” ikasema mita. “Zimezidi kumi na tano. Sebuleni kuna kitu kinakula kumi na tano barabara. Nikizime?”

Sebuleni alikuwepo mama mkwe wake, Bi Zaituni, na moyo wake wa umeme uliochomekwa ukutani. Tangu asubuhi alikuwa akiisema chai ya jana kuwa ni maji ya kuoshea vikombe. Swali la mita likamfikia.

“Mwanangu,” akaita kwa sauti ya asali, “ile chai ya jana, wallahi, sijapata kunywa mfano wake!”

Mwanakheri akachomoa pasi.

Tangu siku hiyo Bi Zaituni, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, akisikia swichi jikoni huzidisha volti kwa ampea chini kwa chini kama anayevuta uradi. Kwani masikio yake bado mazima. Siku ile, baada ya mita kuuliza, alisikia pasi ikipita juu ya shati mara mbili zaidi kabla ya kuchomolewa.