Mbio za Nne za Namba Tisa

Namba tisa alikuwa mbele, jambo ambalo halijapata kutokea.

Alikuja barabarani akiutupa mguu wa kushoto nje kama anayefukuza kuku, mkono wa kulia kiunoni, shingo imelala upande. Kaptura ya kaki ilimpwaya, ikambidi aishike isimvuke. Kifuani ilikuwapo namba yenyewe: tisa ya makaa juu ya kipande cha gunia la unga, imeshonwa kwenye fulana kwa uzi mweusi.

"Alfani huyo!" walipiga kelele watu waliosimama kando ya njia. "Alfani katangulia!"

"Mimi mmeniona. Mwambieni na Chome anione!" alijibu namba tisa, akatema mate kwa mikogo.

Chome, fundi wa baiskeli, alikuwa nyuma katika kundi la wanaume, jasho likimchuruzika. Walikuwa wakipokezana, kila hatua chache huyu akitoka na yule akiingia. Chome peke yake alikataa kupokewa.

Hapo Msambweni hakuna asiyejua habari ya wawili hawa. Alfani alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kitako tangu asubuhi mpaka magharibi. Alianza kukimbia siku ya Madaraka, akiwa na miaka arubaini na miwili, kwa sababu Chome alimwambia mbele ya watu kwamba kitambi chake kingefika mwisho kabla yake mwenyewe.

Mbio zilitoka sokoni hadi skuli. Alfani alifika kwenye kalvati, akashika kifua, akaketi juu ya jiwe. Siku ya Uhuru aliketi pale pale. Jamhuri ya mwaka uliofuata, jiwe lile lile. Na kila mara Chome alikuwa akishamaliza, anarudi na dafu, analinywa taratibu mbele yake.

Dresa wa zahanati alimwekea chombo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo wako umekuwa mkubwa, bwana. Mbio hizi ziache."

"Moyo mkubwa si ndio mzuri?" Alfani aliuliza.

Aliyemcheka kuliko wote ni Boga, mtani wake tangu enzi za babu zao. "Wallahi, Alfani, siku utakayomtangulia Chome, mimi mwenyewe nitakuwapo pale mwisho."

"Usikose," Alfani alimjibu.

Mkewe, Biasha, akaanza kuvificha viatu. Haikusaidia. Jana alfajiri Alfani alitoka pekupeku kwenda kujizoeza. Hakufika mbali.

Na leo, wakati wa kuondoka, Biasha alisimama mlangoni katikati ya wanawake wenzake, kanga imemshuka mpaka machoni, kimya kama alivyokuwa tangu jana. Namba tisa alimwendea moja kwa moja.

"Mke wangu, viatu vyangu umevitia wapi?"

Biasha alimtazama juu mpaka chini. Midomo ikamcheza.

"Dresa alikwambia usikimbie!"

"Na leo atanifanya nini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Biasha naye akacheka, akacheka mpaka ikabidi wamshike.

Hivyo ndivyo namba tisa alivyoondoka, mbele ya wote, na hivyo ndivyo alivyokuja akiipita nyumba moja baada ya nyingine, akiwapungia mkono wazee, akiwauliza akina mama kama wamemwekea chai.

"Boga yuko wapi leo?" mtu mmoja aliuliza barabarani.

"Yuko kazini," alijibiwa, na watu wakabana vicheko vyao, maana mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa karibu, amekunja uso. Lakini yeye naye aliuvuta mkono wa kanzu, akajifunika mdomo.

Kalvati likaonekana. Vicheko vikapungua vyenyewe.

Namba tisa alipunguza mwendo. Akashika kifua. Magoti yakamlegea, akayumba hatua mbili, tatu, akaketi. Juu ya jiwe lile lile.

Zilisikika nyayo tu za wale waliokuwa nyuma, zikikaribia, mpaka wakamfikia. Wangeweza kumpita. Hawakumpita.

"Jamani," alisema mwalimu, "jua linapanda."

Chome alikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiwe, shavu limejaa jasho na vumbi. "Inuka, Alfani."

"Dafu langu liko wapi?"

"Inuka, bwana. Nitangulie."

"Sikusikia vizuri."

"Nitangulie," alisema Chome. "Nakuomba."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote hawa."

Namba tisa akaruka juu kama aliyeumwa na siafu. Akalivuka kalvati kwa pigo moja, na pande zote mbili za barabara watu wakapaza sauti, wengine wakimwita Alfani, wengine wakishindwa hata kuita. Hakwenda skuli. Alikata kushoto nyuma ya msikiti, akapita chini ya mikorosho, mikono juu, kaptura imeteremka, mguu ule wa kushoto bado ukifukuza kuku, mpaka akafika penye rundo la mchanga mbichi. Akasimama, akageuka kuwatazama waliobaki nyuma.

"Wa kwanza!" alisema.

Kisha Boga akaivua ile fulana, akaikunja vizuri namba ikae juu, akasogea kando, Chome na wenzake wapate kulishusha jeneza la Alfani.